Kutoka Tone hadi Chanzo: Kufundisha Uchunguzi wa Uvujaji chini ya Gari

Utangulizi

Katika karakana nyingi za mafunzo, mwanafunzi huletewa gari linalovuja, huonyeshwa mahali panapovuja, hukabidhiwa spana, kisha huamriwa abadilishe kilichoharibika. Akiisha kuifanya kazi hiyo mara tatu au nne huhesabiwa kuwa amejua. Kwa hakika aliyejifunza ni mikono yake tu. Siku atakapopelekewa gari ambalo hakuna aliyemwonyesha panapovuja, atabadilisha kipuri cha kwanza kitakachomjia akilini, na mwenye gari ndiye atakayelipa gharama ya kubahatisha huko.

Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi. Mara nyingi tumeyatafsiri maneno hayo kuwa ni jembe na shamba la shule, tukasahau kwamba udadisi nao hufundishwa, na kwamba karakana ni mahali pake hasa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu wa ufundi njia ya kulifundisha somo la uvujaji hatua kwa hatua, ili mwanafunzi ajue kutafuta kabla ya kutengeneza. Neno tunalotaka liwe msingi wa somo zima ni hili: tone lililo chini ya gari ni ushahidi, wala si jawabu.

Kwa nini somo hili lifae pwani

Mwalimu anayefundisha Bagamoyo, au popote katika ukanda wa pwani kutoka Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Kiromo, hana haja ya kutafuta mifano mbali. Yako mambo matatu yanayoufanya uvujaji wa huku uwe na tabia zake.

La kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari huibeba, na magari yanayopakia chumvi au samaki huibeba zaidi. Maji ya barafu ya samaki yakichanganyika na chumvi hutiririka kutoka katika bodi la pikapu hadi kwenye chesisi na kwenye mabomba ya chuma ya breki, yakayala kidogo kidogo kwa kutu.

La pili ni unyevu wa hewa. Kiyoyozi cha gari hupoza hewa, na mvuke uliomo hugeuka maji yanayodondoka chini. Pwani maji hayo huwa mengi, hata mwenye gari akadhani rejeta imetoboka. Huo si ubovu.

La tatu ni umri wa magari yenyewe. Mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hususa Japani. Mipira, sili na gasketi zake huwa zimekwisha kukauka na kuwa ngumu kabla ya kuonja joto letu.

Shabaha na vifaa

Mwisho wa somo, mwanafunzi aweze: (a) kutambua kimiminika kinachovuja, (b) kukifuata hadi chanzo chake, (c) kueleza sababu iliyokifanya chanzo hicho kivuje, (d) kutengeneza kwa namna isiyohatarisha watu, na (e) kuthibitisha kwamba uvujaji umekoma.

Vifaa ni vya kawaida: maboksi ya karatasi ngumu yaliyokunjuliwa, karatasi nyeupe, matambara safi, brashi, dizeli kidogo au sabuni ya kuoshea injini, tochi, kioo kidogo cha mkononi, gilasi mbili za maji, poda ya watoto, na bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kupimia ujazo. Zipo dawa maalumu zinazotiwa katika oili na kumulikwa kwa taa ili chanzo kionekane kikimeremeta. Chuo kikiwa nazo, vema. Kisipokuwa nazo, poda hufanya kazi nzuri sana, kama tutakavyoonyesha.

Usalama kabla ya yote

Mwalimu asiruhusu mwanafunzi yeyote kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Gari likalie stendi au magogo imara, na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabari. Katika ardhi yetu ya mchanga, jeki na stendi ziwekwe juu ya ubao mpana, kwani chuma kikisimama juu ya mchanga mtupu huzama upande mmoja.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Inafaa sababu yake ifundishwe, si amri tu. Kifuniko huzuia mvuke usitoke, msukumo ukaongezeka ndani, na maji yakaweza kufikia nyuzi 120 za Selsiasi au karibu yake bila kuchemka. Kifunguliwe, msukumo hushuka ghafla, na maji yale yale huchemka papo hapo na kumrukia usoni aliyekifungua.

Kinachovuja kikiwa petroli, somo lisimame. Injini izimwe, moto na sigara viwekwe mbali, gari lisukumwe hadi penye hewa, na taa zenye nyaya zilizochubuka zisikaribie. Tena mwanafunzi akatazwe kabisa kuonja kimiminika chochote. Maji ya rangi ya rejeta yana utamu, na mengi yake ni sumu inayoua watu na wanyama. Kwa sababu hiyo hiyo yasiachwe katika beseni wazi ambapo watoto au mbuzi waweza kuyafikia.

Hatua ya kwanza: kuanza na linalojulikana

Kanuni ya kale ya ualimu ni kumwongoza mwanafunzi kutoka katika jambo alijualo hadi asilolijua. Kijana wa Bagamoyo hulijua dau au mashua kabla hajajua sampu ya oili. Basi mwalimu aanze kwa swali: mashua ikiingiza maji, maji hukusanyika wapi? Darasa litajibu kwamba hukusanyika katika ngama. Aendelee kuuliza: je, tundu limo katika ngama? Watajibu kwamba si lazima. Maji huingia penye mwanya wowote baina ya mbao, kisha hutelemka hadi mahali palipo chini kuliko pote. Fundi wa vyombo anayetaka kutia kalafati huukausha kwanza ubavu wa chombo, akaufuata mwanya kwa macho na vidole, ndipo akajaza pamba iliyolowa mafuta.

Hapo darasa limekwisha kuipata kanuni mbili za somo letu: kimiminika huonekana mahali kilipofika, si lazima mahali kilipotokea, na gasketi ni kalafati ya injini. Lakini mwalimu asiache mfano huu upite mipaka yake. Katika mashua maji hutoka nje kuja ndani, na katika injini ni kinyume. Tena katika injini kuna msukumo wa pampu, joto, na upepo wa safari unaoipeperusha oili kwenda nyuma. Kwa hiyo njia ya tone chini ya gari yaweza kuwa ndefu na ya kupinda kuliko njia ya maji ya mashua.

Hatua ya pili: kukitambua kimiminika

Boksi safi litandazwe chini ya gari jioni, na alama za magurudumu manne zichorwe juu yake ili baadaye ijulikane kila tone liliangukia wapi. Asubuhi wanafunzi walisome boksi kama wasomavyo ramani. Waandike rangi, harufu, uzito wa kimiminika kikiguswa baina ya vidole vilivyovikwa mpira, na mahali pake.

Mambo ya kutafuta ni haya:

(a) Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, mbele upande wa abiria au wa dereva: aghalabu ni ya kiyoyozi. Katika pikapu ya samaki, yaliyo nyuma ni ya barafu.

(b) Kimiminika cha kijani, buluu, chekundu au cha waridi, kinachoteleza kidogo na chenye harufu ya utamu: ni maji ya rejeta.

(c) Mafuta ya rangi ya asali au meusi: ni oili ya injini. Ya injini ya dizeli hugeuka meusi upesi, kwa hiyo weusi peke yake si dalili ya uchakavu.

(d) Mafuta mekundu, au ya kahawia yakiwa ya zamani: aghalabu ni ya giaboksi ya kujibadilisha yenyewe, au ya usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta.

(e) Mafuta mazito yenye harufu kali kama ya kiberiti: ni oili ya giaboksi ya mkono au ya difu.

(f) Kimiminika chepesi, cheupe au cha manjano hafifu, kinachobabua rangi ya gari: ni mafuta ya breki au ya klachi.

(g) Petroli na dizeli hujitambulisha kwa harufu. Petroli hukauka upesi, hata boksi laweza kukutwa kavu asubuhi ilhali harufu imebaki.

Hapa ndipo pa kuwatahadharisha wanafunzi kwamba rangi peke yake hudanganya. Chekundu chaweza kuwa maji ya rejeta, oili ya giaboksi au mafuta ya usukani. Kuna jaribio rahisi la kuamua. Tone moja litiwe katika gilasi ya maji. Oili za namna zote, pamoja na petroli na dizeli, huelea. Maji ya rejeta na mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na mwanafunzi aliyelifanya kwa mkono wake halisahau.

Thamani yake huonekana zaidi penye gurudumu la nyuma lililolowa upande wa ndani. Huenda ni sili ya ekseli iliyoachia oili ya difu, na huenda ni silinda ya breki. Machoni yanafanana. Likielea ni oili. Likichanganyika ni breki. Katika hali ya kwanza na ya pili pia gari lisiende, kwani vyovyote vile viatu vya breki vimekwisha kulowa. Lakini kazi za kufanya ni tofauti.

Hatua ya tatu: kuifuata njia

Mwanafunzi akiisha kukijua kimiminika, asishike spana. Ashike tambara. Injini chafu haiwezi kuchunguzwa, kwa kuwa uchafu wa miaka mitano na wa jana huonekana sawa. Mahali panaposhukiwa paoshwe, pakaushwe, kisha pakishakauka panyunyiziwe poda nyembamba. Injini iwashwe mpaka ipate moto wake wa kawaida, huku mikono na nguo vikikaa mbali na feni na mikanda. Ikizimwa, oili itakuwa imeandika mstari wake katika poda, nao mstari huo hufuatwa kwenda juu mpaka mahali poda inapokuwa kavu tena. Hapo chini kidogo ya pakavu ndipo penye chanzo.

Kanuni ya kukumbukwa ni kwamba mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi palipolowa ndipo pa kuanzia. Mvuto huteremsha mafuta, na upepo wa safari huyarudisha nyuma.

Tuchukue mfano wa pikapu iliyoletwa katika karakana yetu ikiwa na hukumu tayari: sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Kwa wasiojua uzito wa hukumu hiyo, kuibadilisha sili hiyo aghalabu humaanisha kuiteremsha giaboksi nzima. Mazungumzo na wanafunzi yalikwenda hivi:

Mwalimu: Tone limeangukia wapi?

Mwanafunzi: Chini ya mahali injini inapokutana na giaboksi, mwalimu.

Mwalimu: Hiyo yathibitisha nini?

Mwanafunzi: Kwamba sili ya nyuma inavuja.

Mwalimu: Yathibitisha kwamba tone limeachia hapo. Je, kuna njia nyingine ambayo oili ingeweza kufika hapo?

Mwanafunzi wa pili: Ingeweza kutoka juu, mwalimu, ikashuka kwa nyuma ya injini.

Mwalimu: Tutajuaje?

Mwanafunzi wa pili: Tuoshe, tutie poda, tuwashe.

Walifanya hivyo. Kwa kioo cha mkononi na tochi waliuona mstari ukishuka kutoka ukingo wa nyuma wa kifuniko cha vali, ambacho mafundi wetu hukiita tapeti kava, hadi kwenye maungio ya giaboksi. Sili ya krenki ilikuwa kavu. Gasketi ya tapeti kava ni kitu kidogo, na kuibadilisha hakuhitaji kuteremsha chochote. Tofauti ya kazi hizo mbili ndiyo tofauti ya fundi na mbahatishaji. Tuliona kwamba wanafunzi walilikumbuka jambo hili kwa muda mrefu kuliko mihadhara yetu yote, kwa sababu walilipata wenyewe.

Tunamsihi mwalimu azuie ulimi wake katika hatua hii. Yeye aghalabu amekwisha kuliona jawabu, na kishawishi cha kulisema ni kikubwa. Akilisema, wanafunzi watapata jibu la gari moja. Akinyamaza na kuuliza, watapata njia ya kuchunguza magari yote.

Hatua ya nne: kuuliza sababu ya sababu

Chanzo kikipatikana, swali moja bado: kwa nini pamevuja? Gasketi yaweza kuwa imekauka kwa umri, na hapo kuibadilisha kwatosha. Lakini huenda bomba la kupumulia injini limezibwa na masizi. Gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni zikikosa njia ya kutoka, hujijengea msukumo ndani ya injini na kuisukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Fundi atakayebadilisha sili bila kusafisha bomba hilo atarudishiwa gari.

Vivyo hivyo pampu ya maji: nyingi zina kitobo kidogo chini ya ekseli yake, nacho kikitoa maji ni ishara kwamba sili ya ndani imechoka. Kitobo hicho si ubovu, ni mjumbe. Ole wake atakayekiziba kwa gundi, kwani maji yatakwenda kwenye beringi.

Katika kutengeneza, mwalimu asisitize mambo matatu. Nyuso mbili za chuma zinazobana gasketi zikwanguliwe bila kuchubuliwa na zifutwe zikauke. Boliti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, isipokuwa kitabu cha gari kikiagiza vingine. Na zisikazwe kupita kiasi. Vijana wengi huamini kwamba nguvu huzuia uvujaji, kumbe boliti iliyokazwa mno huikunja sampu na kuikamua gasketi itoke, na uvujaji ukazidi. Penye spana yenye kipimo, itumike.

Breki: mahali pasipo na mzaha

Uvujaji wa oili huua injini. Uvujaji wa breki huua watu. Kwa sababu hiyo hatua hii ifundishwe peke yake, siku yake.

Mwanafunzi aelewe kwanza jinsi breki inavyofanya kazi. Kimiminika hakishindiliki. Mguu ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta, na msukumo huo hufika katika kila gurudumu. Mafuta yakivuja, hewa huingia, nayo hewa hushindilika. Mguu unazama na gari haliketi. Magari mengi ya leo yana njia mbili za mafuta, ili moja ikikatika nyingine isalie. Jambo hilo humpa dereva nafasi ya kusimama, si ruhusa ya kuendelea na safari.

Kisha aelezwe uhusiano wa mafuta ya breki na hewa yetu ya pwani. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakiisha kunywa maji kwa kiwango cha majaribio, kikomo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Breki zikipata moto mkali, mafuta yaliyolowa hutoa mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Kwa hiyo kopo likifunguliwa lifungwe mara moja, na mafuta yaliyotolewa yasirudishwe.

Kwa bahati mbaya iko desturi inayojulikana katika gereji za vichochoroni. Silinda ya gurudumu moja ikivuja na kipuri kisipopatikana, bomba la gurudumu hilo hufinywa au huzibwa, na gari likarudishwa barabarani likiwa na breki katika magurudumu matatu. Pedali huwa ngumu, dereva akaridhika. Lakini dereva akifunga breki kwa ghafla, magurudumu hayashiki sawa, gari huvuta upande mmoja, na penye mvua au mchanga laweza kugeuka. Mwanafunzi atakayefanya kazi kandokando ya barabara ya Bagamoyo ataombwa kufanya hivyo, tena ataombwa kwa upole na mtu mwenye haraka na fedha kidogo.

Mwalimu alilete jambo hili darasani kabla halijamfika kijana peke yake. Aulize: mwenye gari akisema yeye ndiye aliyetaka, je, fundi ameondokewa na lawama? Awaache wajadiliane. Katika darasa letu baadhi walisema gari ni lake, na uamuzi ni wake. Ndipo mmoja wao alipouliza swali lililonyamazisha wenzake: na abiria, je, ameulizwa? Abiria hakuulizwa, wala mtoto anayevuka barabara akitoka shule. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iko, lakini askari hawezi kuona ndani ya bomba. Anayeona ni fundi peke yake. Neno la kumfundisha kijana aliseme ni fupi: "Gari hili halitoki mpaka breki zikamilike." Mwalimu awape wanafunzi zoezi la kulitamka mbele ya mwenzao anayejifanya mteja mwenye hasira. Laonekana kama mchezo, lakini kukataa nako ni ujuzi unaohitaji mazoezi.

Matengenezo yenyewe ni haya: silinda ifanyiwe mipira mipya au ibadilishwe yote ikiwa imechimbika kwa kutu, viatu vilivyolowa vibadilishwe kwa pande zote mbili, bomba lililoliwa na kutu libadilishwe zima kwa bomba la breki, lisiungwe kwa mpira wala kwa bomba la mafuta, kisha hewa itolewe kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Mwisho pedali ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja. Ikizama taratibu, kazi haijaisha.

Huduma ya kwanza na tiba

Haifai kuwaficha wanafunzi mbinu za njiani. Tangi la petroli lililopata kitobo chembamba hupakwa sabuni ya mche, nayo huzuia kwa muda kwa kuwa petroli haiiyeyushi sabuni. Mpira wa rejeta uliopasuka hufungwa kwa utepe. Mbinu hizi zafaa kumfikisha mtu penye msaada. Lakini mwanafunzi aandike katika daftari lake safu mbili, moja ya huduma ya kwanza na nyingine ya tiba, na katika safu ya breki upande wa huduma ya kwanza aandike neno moja: livutwe.

Kupima na kutahini

Somo hili huungana vizuri na hisabati. Kopo liwekwe chini ya tone usiku kucha, na kilichopatikana kipimwe kwa bomba la sindano. Tuseme ni mililita 30. Kwa siku 30 ni mililita 900. Katika magari mengi madogo, nafasi baina ya alama ya juu na ya chini ya kijiti cha kupimia oili ni karibu lita 1. Basi katika mwezi mmoja gari hilo litakaribia alama ya chini, bila kuhesabu kinachopotea likiwa safarini. Bandu bandu huisha gogo. Kipimo hicho hicho kirudiwe baada ya matengenezo, kwani kauli ya kwamba gari limepona haitoshi bila boksi safi la asubuhi ya pili.

Katika mtihani wa vitendo tunapendekeza alama zigawanywe hivi: kutambua kimiminika 20, kufuata njia hadi chanzo 30, kueleza sababu 15, matengenezo 20, na uthibitisho 15. Mwanafunzi aliyebadilisha kipuri kwa ustadi lakini asiweze kuonyesha ushahidi uliompeleka hapo asipite. Huenda baadhi ya walimu wakaona huo ni ukali. Sisi twaona ni haki kwa mwenye gari atakayekutana naye kesho.

Mafuta yaliyomwagika

Jambo la mwisho lisiachwe nje ya mlango wa karakana. Oili iliyomwagwa mchangani huteremka na mvua hadi visimani, na huku kwetu hadi kwenye mikoko ambamo samaki na kamba hukulia. Iliyodondoka inyonywe kwa vumbi la mbao, vumbi hilo likusanywe, na oili chakavu iwekwe katika madumu yaliyoandikwa mpaka ichukuliwe na wenye kazi ya kuisafisha au kuihifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatudai hivyo. Tena mwanafunzi aliyefundishwa kulifuata tone kutoka chini kwenda juu hatashindwa kulifuata kutoka karakana kwenda baharini.

Hitimisho

Tumeeleza somo moja tu, nalo halihitaji karakana yenye mitambo ya gharama kubwa. Lahitaji boksi, tambara, poda, gilasi ya maji, na mwalimu aliye tayari kuuliza kabla ya kujibu. Njia hiyo hiyo ya kutambua, kufuata, kuuliza sababu, kutengeneza na kuthibitisha yaweza kutumika katika somo la umeme wa gari, la bomba la nyumba, hata la mashine ya kusaga. Twawaomba walimu wenzetu waijaribu kwa muhula mmoja, wahifadhi daftari za wanafunzi wao, kisha watuandikie wameona nini, hasa pale njia hii ilipowashinda, ili sote tuirekebishe.